Hakuna Sindano ya Kurefusha Msuli

"Daktari, ni sindano gani inayolegeza mishipa ya nyuma ya paja?" Swali hili sasa limenifika shingoni. Muulizaji karibu kila mara ni kijana, ama anatoka kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, ama anaishi hapa Lilongwe, Kawale au Area 25. Akiinama kufunga kamba za viatu, nyuma ya mapaja kunakaza. Akikaa muda mrefu, akisimama anatembea kama mzee kwa hatua kadhaa za kwanza. Ameambiwa kwamba mishipa yake imekauka, imefupika, imejifunga, na kwamba ipo sindano ya kuifungua. Wengine hawaulizi tena kama ipo. Wanataka niwaandikie jina lake tu.

Haipo. Haipo Lilongwe, haipo Nairobi wala Dar es Salaam, na ndugu yako aliyeko Kanada hawezi kukutumia kwa sababu huko nako haipo.

Unachochomwa pale kwenye duka la dawa kwa kawaida ni diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu na uvimbe. Mara nyingine wanaiongezea vitamini B, na mara nyingine deksamethasoni, dawa nzito ambayo haifai kuchezewa. Hakuna hata moja kati ya hizo inayourefusha msuli. Diklofenaki inapunguza maumivu kwa saa kadhaa, unajisikia mwepesi, unaamini imefanya kazi, na wiki inayofuata unarudi na pesa nyingine. Vitamini B inamsaidia aliyepungukiwa nayo. Kwa mwingine inatoka na mkojo. Na ukiizoea diklofenaki, wa kwanza kulalamika ni tumbo, kwa vidonda, kisha figo. Kijana wa miaka 23 kuhatarisha figo zake kwa sababu mapaja yanakaza ni jambo linaloniuma kweli.

Kuna hatari nyingine ambayo wauzaji hawaitaji. Ndani ya tako inapita neva kubwa kuliko zote mwilini, ile ya siatiki, unene wake ukikaribia kidole. Ndiyo inayoiamrisha misuli hiyohiyo ya nyuma ya paja, kisha inashuka hadi kwenye unyayo. Sindano ya tako ikichomwa mahali pasipo pake, yaani chini mno au ndani mno kuelekea katikati, inaweza kuijeruhi neva hiyo. Mtu anasikia kama moto unashuka mguuni papo hapo, na baadaye unyayo unashindwa kuinuka, anaukokota anapotembea. Majeraha ya namna hii yamo katika vitabu vya tiba tangu zamani, na sisi wa tiba ya viungo ndio tunaoletewa watu hao ili tuwafundishe kutembea upya. Wapo wanaopona baada ya miezi mingi. Wapo wasiopona kabisa. Yaani umekwenda na mguu mzima unaokaza, ukarudi na mguu mbovu.

Sasa niulize mimi: ni nani aliyethibitisha kwamba msuli wako umefupika?

Msuli hufupika kweli, na nimeiona misuli ya namna hiyo. Utaikuta kwa mtoto mwenye mtindio wa ubongo, kwa aliyeungua nyuma ya goti likashikana kwa kovu, kwa aliyefungwa plasta goti likiwa limekunjwa wiki nyingi. Goti kama hilo halinyooki hata ukilibembeleza asubuhi hadi jioni. Kijana anayekaa sana si mgonjwa wa aina hiyo, na kumwonyesha hilo hakuchukui muda.

Chukua fundi simu mmoja kutoka Dzaleka, anayeshinda kwenye kigoda kifupi amejikunja juu ya meza ya kazi. Nilimlaza chali, nikamkunjia nyonga na goti kwa digrii 90, nikamwambia alinyooshe goti polepole, paja lisitikisike. Likagoma likiwa limebakiza kama digrii 40. Akauma meno. "Umeona, docta? Imefupika." Nikaweka kiganja chini ya kisigino chake, nikamwambia akandamize kwa nguvu huku mimi nikizuia. Sekunde kadhaa. Achia, vuta pumzi, nyoosha tena. Tukarudia mara chache. Goti likapanda hadi zikabaki kama digrii 25, bila mafuta, bila sindano. Akanitazama. "Sasa imerefuka?" Hapana, ndugu yangu. Hakuna msuli unaorefuka ndani ya dakika tano. Urefu huo ulikuwa nao tangu mwanzo. Mfumo wako wa neva ndio uliokuwa kama mlinzi anayefunga lango mapema, kabla hatari haijafika.

Wala hili sikulitunga mimi. Mwaka 1996 Peter Magnusson na wenzake, huko Denmark, walichapisha utafiti ambao kila mtu wa fani yangu anapaswa kuujua. Watu walinyoosha misuli ya nyuma ya paja la mguu mmoja kwa wiki tatu, mguu wa pili ukaachwa bila kuguswa ili ulinganishwe. Mguu ulionyooshwa ulifika mbali zaidi. Lakini msuli ulipopimwa katika pembe ileile ya awali, ukinzani wake ulikuwa haujabadilika. Kilichobadilika ni kiasi cha mvuto ambacho mtu aliweza kukivumilia. Tafiti za baadaye ziliongeza kwamba mazoezi ya miezi mingi, hasa ya kubeba uzito, yanaweza kuubadilisha hata msuli wenyewe. Katika hayo yote, kinachofanya kazi ni kuutumia mguu.

Kukandwa nako nikuseme haraka. Ukikandwa na mafuta ya moto utajisikia vizuri jioni hiyo, na mimi sina ugomvi na kujisikia vizuri. Nina ugomvi na yule anayekukandamizia mgongo kwa goti lake ili kichwa chako kifike magotini, kwa sababu anayeumia hapo mara nyingi ni mgongo. Na kuchanjwa kwa wembe, dawa nyeusi ikapakwa ndani, kunakuletea hatari ya homa ya ini na Virusi vya UKIMWI bila kuugusa msuli hata kidogo. Acha pia kujipima kwa kugusa vidole vya miguu. Mwenye mikono mirefu na mgongo mwepesi atavigusa hata kama mapaja yake yamekaza, na mwenye mikono mifupi hatavigusa hata akiwa mzima.

Watu wazima wanasema vijana hawa ni wavivu. Sikubali. Malawi ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi mwaka 1987 iliweka masharti yake, yakiwemo yanayobana ajira na uhuru wa kutembea wa wakimbizi. Dzaleka ilifunguliwa mwaka 1994 kwa watu wapatao 10,000, na sasa wamepita 50,000. Mwaka 2023 hata wale waliokuwa wamejijengea maisha Lilongwe waliamriwa kurudi kambini. Aliyekuwa akishinda sokoni anasimama, anabeba, anatembea, sasa anashinda mlangoni na simu. Wanaosoma masomo ya mtandaoni nao wamekaa, na dada aliye kwenye cherehani amekaa. Mwili ulionyimwa kazi unapoteza nguvu, na msuli dhaifu unakaza upesi unapoombwa kufanya kitu. Ukimwambia mtu wa namna hiyo kwamba mishipa yake imekauka, umemwondoa mahali penye tatizo na kumpeleka kwenye duka lako.

Haya, cha kufanya. Lala chali, shika nyuma ya paja moja kwa mikono miwili au kwa kitenge, nyoosha goti mpaka usikie mvuto, si maumivu, tulia sekunde 30, kisha badilisha mguu. Mara moja kwa siku, siku tano kwa wiki, wiki sita: mwaka 1997 William Bandy na wenzake walipima wakaona sekunde 60 hazizidi sekunde 30, wala mara tatu kwa siku hazizidi mara moja, kwa hiyo usijitese. Baada ya hapo, nguvu, na hapa ndipo wengi wanapokimbia. Simama, shika dumu la lita tano la maji kwa mikono miwili, legeza magoti kidogo, sukuma makalio nyuma huku mgongo umenyooka, shusha dumu polepole hadi chini ya magoti, panda. Mara kumi, pumzika, rudia mizunguko mitatu, siku mbili au tatu kwa wiki. Likiwa jepesi, hamia dumu la lita kumi. Siku nyingine lala chali, weka visigino juu ya kigoda, inua kiuno, shusha taratibu. Kila nusu saa inuka kwenye kiti hata kama kazi haijaisha. Tembea kwa haraka nusu saa, siku tano, utimize dakika 150 ambazo Shirika la Afya Duniani linazitaja kuwa kiwango cha chini cha wiki. Siku mbili za kwanza misuli itauma. Hiyo si ishara ya kwenda kuchomwa sindano. Wiki sita zikipita bila badiliko lolote, njoo upimwe.

Usizisubiri wiki sita kama maumivu yanavuka goti kwenda chini, kama mguu una ganzi au unawaka, au kama ukilaza kidevu kifuani maumivu ya mguu yanaongezeka. Hapo tunaishuku neva, na kuivutavuta neva iliyokasirika ni kuichokoza. Maumivu ya mgongo yanayofuatana na homa, jasho la usiku na kukonda yanahitaji kipimo cha kifua kikuu, maana kifua kikuu hukaa pia kwenye uti wa mgongo. Na ukipoteza hisia sehemu zinazogusa tandiko la baiskeli, ukishindwa kuzuia au kutoa mkojo au choo, au unyayo ukigoma kuinuka, usilale nyumbani: nenda kituo cha afya cha Dzaleka siku hiyohiyo, waambie maneno hayo kama yalivyo, na uombe wakupe rufaa ya haraka kwenda hospitali.