Gari Linalokunjika ili Kuokoa Abiria

Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, watu wengi waliamini kwamba gari lililo salama ni lile lililo gumu kila upande. Bodi isiyobonyea ilihesabiwa kuwa ngao ya abiria.

Imani hiyo ilipingwa na Béla Barényi, mhandisi aliyezaliwa Austria mwaka 1907, ambaye alifanya kazi katika kampuni ya Daimler-Benz huko Ujerumani. Mwaka 1951 yaliwasilishwa maombi ya hataza ya umbo jipya la gari alilolibuni. Hataza ni hati ya serikali inayompa mwenye uvumbuzi haki ya pekee ya kuutumia kwa muda maalumu; naye hulazimika kuueleza waziwazi ili wengine wajifunze. Hataza hiyo, namba 854157, iligawa gari katika sehemu tatu: chumba kigumu cha abiria katikati, na ncha mbili, ya mbele na ya nyuma, zinazokunjika zinapogongwa.

Je, ulaini huo unamlindaje abiria? Gari liendalo lina nishati ya mwendo. Likigonga ukuta, sehemu kubwa ya nishati hiyo hutumika kukikunja chuma, na umbali wa kusimama huongezeka. Chukua mfano wa abiria wa kilo 60, aliyefungwa mkanda barabara, katika gari lenye kasi ya meta 14 kwa sekunde, yaani karibu kilometa 50 kwa saa. Nishati yake ya mwendo ni jouli 5,880. Akisimamishwa katika umbali wa sentimeta 10, mwili wake hupata kani ya wastani ya nyutoni 58,800. Akisimamishwa katika sentimeta 60, kani hushuka hadi nyutoni 9,800, yaani sehemu moja ya sita. Tofauti hiyo yaweza kuwa mpaka kati ya uhai na kifo.

Mwaka 1959 magari ya Mercedes-Benz ya aina ya W111 yalianza kuundwa kwa kanuni hiyo, ambayo hatimaye ilienea duniani. Kwa hiyo fundi anayechomelea vyuma vizito mbele ya gari la kisasa ili kuliimarisha huenda akaizuia ncha yake isikunjike inavyotakiwa. Bodi itabonyea kidogo tu, lakini kani ambayo ingepunguzwa na chuma itawafikia waliomo ndani.