Kisukari cha Uja Uzito: Usiogope, Usikifiche

Leo nazungumza na mama mjamzito aliyepimwa kliniki akaambiwa sukari imezidi katika damu yake. Akina baba na mama wakwe, nanyi sogeeni karibu na redio, maana jambo hili linahusu chungu cha nyumba nzima.

Je, kisukari hiki hutoka wapi? Mwili hutumia insulini kuitoa sukari kwenye damu na kuipeleka mwilini ikatupe nguvu. Mimba inapokua, kondo la nyuma hutoa homoni zinazoipinga insulini. Mama wengi huongeza insulini ya kutosha. Wengine haiwatoshi, na sukari hupanda. Kwa hivyo mama, hukurogwa. Mara nyingi hakuna dalili yoyote, ndiyo sababu tunapima, hasa kati ya wiki ya 24 na 28.

Sukari hiyo huvuka na kumfikia mtoto. Akiipata nyingi hunenepa kupita kiasi, na mabega yake yanaweza kukwama wakati wa kuzaliwa. Akishazaliwa, sukari yake inaweza kushuka ghafla. Haya tunaweza kuyapunguza sana.

Tuanze na sahani. Utaambiwa "kula kwa niaba ya watu wawili." Usikubali. Pia usijinyime chakula. Gawa sahani hivi: nusu iwe mboga kama mrenda, saga, kunde au managu, robo iwe maharagwe, omena, yai au kuku, robo inayobaki iwe ugali. Ukila viazi vitamu au nduma, usiongeze ugali. Chai na uji usitie sukari. Soda na miwa, weka kando hadi ujifungue. Kula kidogo kidogo mara kadhaa kwa siku, kisha tembea dakika 10 hadi 15 baada ya chakula, isipokuwa kama daktari amekukataza.

Wengi wataweza kudhibiti sukari kwa njia hiyo. Wengine watahitaji dawa au sindano ya insulini. Hapa ndipo akina mama hutoroka kliniki, wakidhani sindano itamdhuru mtoto. Ukweli ni kwamba insulini hiyo haivuki kondo la nyuma kumfikia mtoto. Kinachomdhuru ni sukari iliyozidi. Usibadilishe sindano kwa dawa za miti shamba. Ukiwa kwenye insulini, ukianza kutetemeka, kutoka jasho na kuhisi njaa kali, kunywa mara moja maji yenye vijiko vidogo 3 au 4 vya sukari, kisha ule chakula. Na mtoto akipunguza kucheza tumboni, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Panga mapema kujifungua katika hospitali inayoweza kufanya upasuaji, kama hospitali kuu ya kaunti hapa Kakamega mjini. Usingoje uchungu ukushike usiku huko Shinyalu au Navakholo ndipo uanze kutafuta bodaboda. Mtoto akizaliwa, mnyonyeshe ndani ya saa moja, na wauguzi watampima sukari.

Kondo likishatoka, sukari ya mama wengi hurudi sawa. Wengi hufurahi na kusahau, na hilo ndilo kosa. Mama huyu yuko katika hatari kubwa zaidi ya kupata kisukari cha kudumu miaka ya mbele. Unapompeleka mtoto chanjo ya wiki ya 6, mwambie muuguzi: "Nilikuwa na sukari nikiwa mjamzito, naomba nipimwe." Ukikutwa sawa, rudia kipimo angalau kila baada ya miaka 3, na ukishika mimba nyingine sema siku ya kwanza ya kliniki.

Nawe baba, punguza sukari kwenye chai yako pia. Mama hawezi kupika vyungu viwili, na haki yake ni kusaidiwa.