Uvimbe wa Hidatidi katika Mapafu na Misuli: Usitobolewe Kabla ya Kupigwa Picha

Si kila uvimbe mwilini ni jipu. Miongoni mwa wafugaji, kama vile wa Turkana nchini Kenya, uvimbe unaokua polepole bila maumivu waweza kuwa kifuko cha maji kilichojengwa na lava wa tegu wa mbwa. Kukitoboa ovyo ni hatari.

Chanzo
Tegu huyo huishi katika utumbo wa mbwa, na mayai yake hutoka na kinyesi. Binadamu huyameza kwa mikono, maji au chakula kilichochafuliwa. Lava husafirishwa na damu hadi kwenye ini, mapafu na, kwa nadra, misuli. Kifuko huweza kukua kwa miaka mingi kabla ya dalili kuonekana. Ugonjwa huu hauambukizwi na mgonjwa.

Dalili
Kifuko cha mapafu huleta kikohozi kisichokoma, maumivu ya kifua na kukosa pumzi. Kikipasuka, mgonjwa huweza kukohoa maji ya chumvichumvi na vipande vya utando. Katika misuli, huonekana uvimbe ambao mara nyingi hauumi, kwa mfano pajani au begani.

Uchunguzi
Mapafu hupigwa eksirei au CT skani. Misuli huchunguzwa kwa ultrasaundi au MRI. Kipimo cha damu husaidia, lakini kutoonyesha ugonjwa si uthibitisho kwamba haupo, hasa kifuko kikiwa mapafuni. Mweleze daktari kama umewahi kuishi karibu na mbwa na mifugo, hata kama ni zamani. Usikubali uvimbe uchanjwe au uchomwe sindano kabla ya picha: maji yakivuja yaweza kusababisha mzio wa kuua na kuotesha vifuko vipya.

Tiba
Kwa mapafu na misuli, tiba kuu ni upasuaji wa kukiondoa kifuko bila kukipasua. Daktari huweza kuongeza albendazoli. Kidonge kimoja cha kutibu minyoo ya kawaida hakitoshi. Hapa dawa hutumika kwa wiki au miezi, pamoja na chakula chenye mafuta, huku damu ikipimwa kufuatilia ini na chembe nyeupe. Mama mjamzito amjulishe daktari mapema. Usijitibu: dawa yaweza kukipasua kifuko cha mapafu kabla ya upasuaji. Baada ya tiba, hudhuria kliniki kwa miaka kadhaa, kwani uvimbe huweza kurudi.

Kinga
Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kula na baada ya kumshika mbwa. Usimpe mbwa maini wala mapafu mabichi. Yenye vifuko yachomwe moto au yafukiwe kwa kina. Mwombe daktari wa mifugo dawa ya minyoo kwa mbwa wako.

Ukipata ghafla kikohozi cha maji, vipele vya kuwasha au shida ya kupumua, nenda hospitali mara moja.