City Market: Hesabu ya Jua na Hesabu ya Watu

Nairobi iko nyuzi 1.3 tu kusini mwa ikweta. Hesabu ya paa la City Market, jumba la Mtaa wa Muindi Mbingu lililojengwa miaka ya 1930, inaanzia hapo.

Masoko ya Uingereza ya enzi ya Malkia Victoria, kama Leadenhall la London la mwaka 1881, yaliezekwa kwa chuma na vioo. Kwao ilifaa: adhuhuri ya Desemba jua la London hupanda nyuzi 15 tu kutoka upeo wa macho, na kila mwali una thamani. Nairobi, jua la adhuhuri haliachani na utosi kwa zaidi ya nyuzi 25 mwaka mzima. Kioo kilicholazwa juu ya paa kingepokea zaidi ya asilimia 90 ya mwali huo, na muuza samaki angeshinda ndani ya tanuri. Kioo kilichosimama wima, hata kikilielekea jua lenyewe, hakipokei zaidi ya asilimia 42 saa hiyo. Mwishoni mwa Machi na Septemba ni karibu sufuri. Asubuhi na jioni jua huingia zaidi, lakini makali yake yamepungua.

Basi City Market ilibaki na ukumbi mrefu wa kizamani, ila matao yakawa ya zege na madirisha yakasimamishwa wima, safu juu ya safu. Tao hupeleka mzigo wa paa pembeni hadi kwenye msingi, ndiyo maana sehemu ya katikati haina msitu wa nguzo. Simama hapo saa saba mchana, kwenye vinyago na vyondo, uone kila alama ya patasi kwenye mti. Huo ni ujenzi wenye akili, na hatuusifu vya kutosha.

Kinachotushinda ni hesabu ya watu. Sensa ya 1948 ilihesabu wakazi 118,976 Nairobi. Ya 2019 ilihesabu 4,397,073, mara 37. Jumba ni lile lile. Katika sensa hiyo ya 2019, Dagoretti na Westlands pekee, magharibi mwa jiji, zilikuwa na watu 743,062, zaidi ya mara sita ya jiji zima la 1948. Nani atatoka Kawangware hadi mjini kununua sukuma wiki, wakati nauli ya kwenda na kurudi inashinda bei ya fungu? Wakazi wananunua huko huko Kawangware, au Kangemi, kwa wachuuzi wengi wanaouzia chini ya mabati, turubai na miavuli. Mabati huwapa giza na joto kwa pamoja.

Dawa si ghali kama tunavyodhani. Paa la soko jipya likiinuliwa katikati, likawekwa madirisha wima pande zote mbili, mwanga unaingia na hewa moto inatoka, bila bili ya stima. Wachuuzi wa magharibi mwa jiji, mkiitwa kutoa maoni kuhusu soko jipya, ulizeni kwanza mchoro wa paa, kisha idadi ya vibanda.