Dawa mpya za kisukari: Usitupe vidonge vya zamani

Na Daktari Wetu

WAHENGA walisema kipya kinyemi kingawa kidonda. Methali hii hunijia kila mara mgonjwa wa kisukari anapoingia katika chumba changu cha matibabu akiwa na jina la dawa mpya alilopewa na jamaa au jirani.

Hivi majuzi alikuja mama mmoja mwenye umri wa miaka 54, mfanyabiashara wa mitumba hapa Nairobi, ambaye amekuwa na kisukari kwa miaka tisa. Alikuwa amekonda, ana kiu isiyokatika, na usiku alikuwa akiamka mara nne au tano kwenda haja ndogo. Nilipompima kidoleni, sukari yake ilikuwa 21, ilhali kabla ya kula inatakiwa iwe chini ya 7 kwa mgonjwa aliyedhibitiwa vizuri.

"Mama, unameza vidonge vyako?" nilimwuliza.

"Niliviacha, daktari. Binti yangu aliye Marekani aliniambia siku hizi kuna sindano ya mara moja kwa wiki. Nikaona heri niweke pesa ninunue hiyo."

Kwa wiki saba mama huyu hakuwa ametumia dawa yoyote. Alikuwa akingojea dawa bora, huku ugonjwa haumngojei.

Ni kweli kwamba dawa mpya za kisukari zipo na ni nzuri. Lakini mgonjwa anapaswa kujua zinafanya nini, zinamfaa nani, na kwa nini hazichukui mahali pa zile za zamani kwa wagonjwa wengi.

Aina mbili za kisukari

Kuna aina mbili kuu za ugonjwa huu. Katika aina ya kwanza, ambayo aghalabu huwapata watoto na vijana, kongosho haitengenezi insulini tena. Kabla ya insulini kugunduliwa mjini Toronto, Kanada, mwaka wa 1921, watoto wa aina hii walikufa baada ya muda mfupi. Mgonjwa kama huyu asiache insulini hata siku moja, hata akisikia sifa za dawa gani.

Aina ya pili ndiyo ya watu wengi zaidi. Hapa insulini ipo, lakini haitoshi au mwili hauiitikii ipasavyo. Dawa mpya ninazozieleza leo ni za aina hii ya pili.

Dawa za zamani

Metformini imetumika tangu mwaka wa 1957, ilipoanza kutolewa kwa wagonjwa nchini Ufaransa. Hupunguza sukari inayotengenezwa na ini na kuusaidia mwili kuitumia insulini yake. Utafiti mkubwa wa Uingereza uliochapishwa mwaka wa 1998 ulionyesha kuwa miongoni mwa wagonjwa wanene, waliotumia metformini walipata mshtuko wa moyo kwa uchache zaidi. Ubaya wake mkubwa ni kusumbua tumbo, na hilo hupungua ukiimeza pamoja na chakula. Bei yake ni nafuu.

Glibenklamidi nayo ni ya bei ya chini, lakini inaweza kuteremsha sukari kupita kiasi. Mgonjwa hutokwa na jasho, hutetemeka na kuchanganyikiwa. Mzee, au mtu anayeruka mlo wa mchana kwa sababu ya kazi, awe mwangalifu sana nayo.

Dawa mpya

Kundi la kwanza ni vidonge vinavyotoa sukari mwilini kupitia mkojo, kama vile empagliflozini na dapagliflozini. Kwa kawaida figo huchuja sukari kutoka kwenye damu kisha huirudisha yote. Dawa hizi huzuia sehemu ya sukari hiyo isirudi, nayo humwagika na mkojo.

Jambo lililowashangaza madaktari ni faida yake kwa moyo. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2015 uliwafuata wagonjwa wa kisukari waliokuwa tayari na maradhi ya moyo au mishipa ya damu kwa miaka mitatu hivi. Katika kila wagonjwa 1,000 ambao hawakupewa empagliflozini, 59 walikufa kutokana na maradhi hayo. Kati ya waliopewa, walikufa 37. Tafiti zilizofuata zimeonyesha kuwa dawa za kundi hili pia hupunguza kasi ya figo kuharibika.

Kundi la pili ni sindano zinazoiga homoni ya utumbo, ile ambayo hutolewa tunapokula. Huiamsha kongosho itoe insulini, huchelewesha chakula tumboni na kupunguza hamu ya kula. Ya kwanza, iliyoidhinishwa Marekani mwaka wa 2005, ilitokana na uchunguzi wa mate ya mjusi mwenye sumu. Leo inayojulikana zaidi ni semaglutidi, ambayo hudungwa mara moja kwa wiki. Hupunguza uzito, na utafiti wa mwaka wa 2024 ulionyesha kuwa hulinda figo pia. Baadhi ya wagonjwa husumbuliwa na kichefuchefu na kutapika.

Nani anazihitaji?

Watu huniuliza, "Daktari, ipi mpya zaidi?" Swali linalofaa ni, "Moyo wangu na figo zangu ziko katika hali gani?" Mgonjwa mwenye maradhi ya moyo, au ambaye protini imeonekana katika mkojo wake, ndiye anayenufaika zaidi. Shirika la Afya Duniani liliingiza vidonge vya kundi la kwanza katika orodha yake ya dawa muhimu mwaka wa 2021, na sindano za kundi la pili mwaka wa 2025. Hata hivyo, dawa kuwa katika orodha hiyo si sawa na kuwa katika uwezo wa mfuko wako.

Kwa hivyo, angalau mara moja kwa mwaka, hakikisha umepimwa mkojo, figo, macho na miguu. Fanya pia kipimo cha HbA1c, ambacho huonyesha wastani wa sukari wa miezi mitatu.

Tahadhari

Vidonge vya kutoa sukari kwa mkojo vinaweza kuleta mwasho wa ukungu sehemu za siri. Ukianza kutapika, kuharisha au kushindwa kula, viache kwa muda na umwone daktari haraka, kwa kuwa damu inaweza kujaa asidi hata kama sukari haijapanda sana. Mwambie daktari pia kabla ya upasuaji, kabla ya kufunga Ramadhani, na ukiwa mjamzito au unapanga kushika mimba.

Usinunue sindano hizi mitaani au kwa mtu usiyemjua. Mwaka wa 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa onyo kuhusu semaglutidi bandia iliyopatikana Brazil, Uingereza na Marekani.

Na yule mama? Tulimtilia maji, tukampa insulini kwa siku kadhaa na kumrudishia metformini. Mkojo wake ulikuwa na protini, ishara kuwa figo zimeanza kuumia. Sukari iliposhuka, tulimwongezea kidonge cha kundi la kwanza. Sindano ya mwezi mmoja ingemgharimu kuliko kodi ya nyumba, lakini kidonge hiki anakimudu kwa pesa anazotumiwa na bintiye. Juzi sukari yake kabla ya chai ilikuwa 6.8.

Ikiwa umesikia habari za dawa mpya, njoo tuzungumze. Lakini njoo ukiwa bado unameza ile ya zamani, na ulete vidonge vyako vyote mfukoni tuvione. Dawa ikufaayo ni ile utakayoweza kuinunua na kuitumia mwezi huu, mwezi ujao, na mwaka mzima.