Kwa nini kioo cha simu huwa cheusi kikipata joto kali?

Ukiiacha simu juani, kwa mfano kwenye dashibodi ya gari, wakati mwingine kioo huwa cheusi au hupata mabaka. Wengi hudhani kimeharibika, wakakimbilia kwa fundi. Kabla hujatoa pesa, tuangalie kinachotokea.

Vioo vya simu nyingi, hasa za batani, vina utando mwembamba wa fuwele kimiminika. Hiki ni kitu kinachotiririka kama maji, lakini chembe zake ndefu huelekea upande mmoja, kama kundi la dagaa: kila mmoja anaogelea, ila vichwa vyote vinatazama kumoja.

Kwa sababu ya mpangilio huo, mwanga ukipita hugawanyika sehemu mbili zenye kasi tofauti. Utando umekaa katikati ya vichujio viwili vya mwanga. Mwanga unaotoka kichujio cha kwanza ungezuiwa na cha pili, lakini fuwele huugeuza ukapita. Umeme wa simu huamua wapi upite na wapi uzuiwe, ndipo tunaona maandishi.

Wanasayansi hupima mpangilio huo kwa namba: 1 chembe zote zikielekea upande mmoja, 0 zikiwa shaghalabaghala. Joto likipanda, namba hushuka kidogo kidogo. Kisha, likifika kiwango fulani, namba huanguka ghafla hadi 0. Mwanga haugawanyiki tena wala haugeuzwi, na kioo kinakuwa cheusi.

Mwaka 1888, Friedrich Reinitzer, mtaalamu wa mimea aliyekuwa Prague, alipasha moto kemikali aliyoitengeneza kutokana na karoti. Kwenye nyuzijoto 145.5 iliyeyuka ikawa kimiminika chenye ukungu. Ilipofika 178.5, ukungu ulitoweka. Ilipopoa, ukungu ulirudi. Fuwele za simu hufikia hali hiyo kwenye joto la chini zaidi.

Kurudi huko ndiko tunakotaka ukumbuke. Zima simu, iweke kivulini, isubiri ipoe yenyewe. Usiitie kwenye friji wala kwenye maji, na usiichaji ikiwa ya moto. Mara nyingi kioo hurudi kama kawaida. Kama imepoa kabisa na weusi haujaondoka, hapo sasa mpelekee fundi.