Gari likikwama kwenye tope na mtoto anachemka homa

Ilikuwa saa nane mchana, mwezi Machi, tumebakiza kilometa chache tu kufika lami ya Shelui, wilayani Iramba. Nilikuwa nimeambatana na timu ya huduma za mkoba iliyotoka kuchanja watoto katika kijiji kilicho pembeni mwa mbuga ya Wembere. Kiti cha nyuma alikaa mama aliyeomba lifti, amempakata mtoto wa miezi minane anayechemka homa. Land Cruiser letu likaingia kwenye njia iliyoonekana kavu kwa juu, likayumba mara mbili, likakaa.

“Kanyaga mafuta!” tulipiga kelele karibu wote, mimi nikiwa wa kwanza. Elimu yangu ya chuo kikuu haikunisaidia chochote siku ile.

Dereva, mzee wa makamo asiye na maneno mengi, hakutusikiliza. Alizima injini, akafungua mlango wa nyuma na kumwomba mama ashuke na mtoto, wakakae kivulini chini ya mgunga. Akamwambia anyonyeshe kila mtoto anapotaka. Ndipo akainama kutazama matairi.

Mzazi unayeishi mjini unaweza kudhani haya ni mambo ya madereva. Lakini Singida ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili hivi, na wakati huo mbu nao huzaliana kwa wingi. Mtoto anaugua wakati barabara nayo imeugua. Ukienda kusalimia babu na bibi kijijini, au ukikodi gari kumpeleka mgonjwa hospitali, unaweza kujikuta wewe ndiye mwenye koleo.

Udongo wa mbuga, ule mweusi wa mfinyanzi, kiangazi hupasuka nyufa za kuingia mguu. Ukilowa huvimba, huteleza na kuganda kwenye tairi mpaka meno yake hayaonekani. Tairi linalozunguka bila kusogea linachimba shimo. Ukiendelea kukanyaga mafuta kwa hasira, tumbo la gari linalala kwenye tope, na hapo hata magurudumu manne yanayovuta hayana pa kushika.

Kazi ya dereva wetu ilikuwa ya polepole. Kwanza alihakikisha gari kweli linavuta mbele na nyuma. Land Cruiser nyingi za zamani zina vifungio katikati ya magurudumu ya mbele ambavyo lazima uvizungushe kwa mkono. Ukivisahau, unavuta kwa matairi ya nyuma peke yake huku ukiamini una manne. Vyetu vilikuwa vimefungwa.

Akapunguza upepo wa matairi kutoka 35 hadi karibu 20. Tairi lililolegea kidogo hutandaza mguu wake na kushika eneo kubwa zaidi. Upande wa Itigi, kwenye kichanga, hii peke yake mara nyingi hulitoa gari. Kwenye tope zito husaidia, lakini bado utachimba.

Nasi tukachimba. Tulitoa tope mbele ya kila tairi kwa mteremko mrefu, na chini ya tumbo la gari mpaka mwanga ukapita upande wa pili. Wengi huchimba kwenye matairi tu, halafu wanashangaa gari halitoki kumbe limekalia udongo. Kisha akaweka ubao mnene chini ya jeki, maana bila ubao jeki huzama yenyewe, akainua gurudumu moja baada ya jingine. Mawe na matawi tuliyasukuma chini ya tairi kwa mpini wa jembe. Hakuna aliyeruhusiwa kuingiza kichwa wala mkono chini ya gari, kwa sababu jeki iliyosimama kwenye tope haiaminiki. Vijana watatu walifika na majembe, na kwa kweli bila wao tungelala pale.

Akawasha gari, gia ya nguvu, mafuta kidogo mno, na akarudi nyuma kwa njia tuliyojia. Nilidhani angelazimisha kwenda mbele. Lakini njia uliyojia umeshaipita na unajua inakubeba. Ya mbele huijui.

Sumu isiyo na harufu

Kuna jambo alilofanya kabla ya kuwasha ambalo mimi kama mwandishi wa afya nilipaswa kulijua kabla yake. Alikwenda nyuma, akakwangua tope lililoziba bomba la moshi.

Moshi wa injini una gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo haionekani wala hainuki. Bomba likizibwa na tope, gesi hiyo inaweza kupenya ndani ya gari. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi, na mtoto aliyelala hawezi kukueleza kitu. Kwa mjamzito humdhuru pia aliye tumboni. Kwa hiyo usiwaache watoto ndani ya gari lililokwama eti wapate ubaridi wa kiyoyozi. Wakae nje, mbali na tope linaloruka na kamba.

Kamba inaua. Likija gari jingine kuwavuta, ifungwe kwenye ndoano iliyoshikamana na chasisi, kamwe si kwenye bampa. Itupieni blanketi au koti zito katikati, ili ikikatika isiruke kwa nguvu. Watu wasimame mbali kuliko urefu wa kamba yenyewe. Watoto hupenda kusogea kutazama, na hapo ndipo baba mmoja anapaswa kuacha kusukuma na kuwa mlinzi.

Mjamzito asisukume gari, hata kama anajisikia na nguvu.

Na korongo likijaa, msijaribu kuvuka. Maji yanayokwenda kasi yenye kina cha sentimeta 60 yanaweza kubeba magari mengi, yakiwamo haya marefu tunayoyaamini. Subirini upande mliopo.

Mtoto akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akipata degedege au akilegea na kuwa mgumu kuamka, usisubiri gari litoke. Mtu mmoja atembee kutafuta pikipiki au mtandao wa simu wakati wengine wanachimba. Kwa mjamzito, aliyejifungua karibuni au mtoto mchanga, piga 115 bila malipo, namba ya usafiri wa dharura wa m-mama, ueleze mlipo kwa kutaja kijiji na alama ya jirani.

Sisi tulitoka saa kumi na robo. Mtoto alikuwa amenyonya mara tatu chini ya mgunga, na mama alikuwa amempunguzia nguo. Katika kituo cha afya kipimo cha haraka kilionesha malaria, akaanzishiwa dawa jioni ileile. Nilipotoka nje kumtafuta dereva nimshukuru, nilimkuta kwa fundi pancha ng’ambo ya barabara, matope hadi kiunoni, akirudisha upepo wa tairi la mwisho.